Zile Moja Saba

Kosa kubwa la ualimu wangu nililiandika ubaoni mwenyewe, kwa chaki, tena kwa mwandiko mzuri: 1,111,111. Nikawatangazia wanafunzi kuwa hiyo ni namba tasa, haigawanyiki kwa chochote ila moja na yenyewe. Kumbe nilikuwa nimejaribu kuigawa mpaka mia na kitu tu, mkono ukachoka. Uvivu wangu nikaupa heshima ya hisabati.

Ilikuwa kambini, upande wa barabara ya Kasulu. Kila Jumamosi nilitoka Ujiji kwenda kusaidia darasa la wakimbizi. Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Mrundi mpole, rafiki pekee niliyempata tangu nipangiwe kazi Kigoma. Akautazama ubao, akaguna.

"Una hakika, mwalimu?"

"Hakika kabisa! Nikikosea, nakuletea migebuka na mawese popote ulipo."

"Popote?"

"Popote."

Muda si mrefu safari za kuwarudisha wakimbizi kwao zikaanza, naye akapanda lori. Nilitaka kumwambia kwamba nitamkumbuka sana. Kilichonitoka mdomoni ni, "Bado haijagawanyika!" Akacheka mpaka lori likaondoka. Mimi nikarudi Ujiji, nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Jumamosi zikawa hazina pa kwenda. Nikakaa barazani nikigawa zile moja saba kwa kila namba tasa, nikianzia pale nilipoachia. Mama mwenye nyumba aliponiona nimejaza karatasi tarakimu, akawanong'oneza majirani kuwa mpangaji wake ameanza kuandika hirizi. Mmoja akaja kuuliza bei.

Kisha mia mbili thelathini na tisa ikaingia. Nikarudia. Ikaingia tena, mara 4,649, bila baki hata chembe. Mwalimu mwenye haya angejificha. Mimi niliruka kwa furaha, maana sasa nilikuwa na sababu ya kusafiri.

Nikafunga furushi la samaki, migebuka mikavu, nikajaza dumu la mawese, nikashika njia ya Manyovu. Pale mpakani askari alilitazama dumu, kisha akanitazama mimi.

"Mawese unapeleka Burundi, mwalimu? Hawana michikichi?"

Nikalikumbatia dumu langu. Nikapita.

Rafiki yangu alikuwa amenielekeza kwao mara nyingi, sikupotea. Akatoka nje mikono wazi. "Kaze, kaze! Karibu, mwalimu!"

"Mia mbili thelathini na tisa," nikasema, kabla hata ya salamu.

"Najua. Niliipata wiki ile ile."

Hasira zikanipanda. "Ukaninyamazia? Ukaniacha nijione profesa mbele ya watoto?"

Akanipokea furushi la samaki. "Ningekuambia kule kambini, tungekula migebuka siku ile ile, maneno yakaisha. Huku ungekuja kufanya nini?"

Nikajifanya natafuta mahali pa kuweka dumu.