Anayekwenda na Ndoano

Mawingu yalipoanza kulala juu ya milima, mke wa Mzee Taratibu alichoka kabla hajagusa kazi yoyote. Ulikuwa uchovu wa kila mwaka. Alikuwa mshonaji wa mapazia, na cherehani yake ilikaa dirishani, si kwa ajili ya mwanga kama wateja walivyodhani, bali kwa sababu dirisha lile lilitazama barabara aliyorudi nayo mumewe. Kiangazi hakutazama nje hata mara moja. Mvua zikianza alishona shingo imepinda, na mapazia ya majira yale, ukiyachunguza vizuri, yalikuwa na mishono iliyotangatanga.

Mumewe alikuwa na gari refu la mizigo, lile ambalo magurudumu yote manne huvuta. Kwa gari hilo alipeleka saruji, vitanda na magunia ya chumvi kwa watu wa juu milimani, akarudi na vitunguu. Jina la Taratibu alipewa na madereva wenzake kwa sababu ya mwendo wake. Walisema akitoka na kifaranga atafika na jogoo. Naye aliwajibu, "Na atafika mzima. Wa kwenu anafika mchuzi."

Mvua zilizopita alizama na gari bondeni, pale barabara inapokata udongo mweusi kabla ya kupanda kwenye mawe. Alikuwa na winchi ya mkono, kifaa cha kulivuta gari kwa waya, cha kupampu kwa mpini mbele na nyuma, na aliipampu tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka. Gari lilitoka. Watu wa lori waliopita baadaye walimkuta ameketi juu ya bampa, midomo imebadilika rangi, akiulizwa jina anatikisa kichwa. Daktari alimweleza mkewe kwa lugha aliyoielewa: moyo umevutika kama lastiki ya sketi ya zamani. Lastiki ikishavutika hivyo hairudi. Unachoweza kufanya ni kuipunguzia kazi. Asivute, asisukume, asibebe.

Kiangazi kizima Taratibu aliendesha, kwa kuwa kiangazi hakina cha kuvuta. Binti yao aliyeolewa mbali alipiga simu na kumwambia mama, badala ya kumwambia baba, kwamba baba apumzike. Mpwa wake Taratibu, mwanamume wa makamo mwenye ndevu, dereva wa lori la mchanga, alikuja mara kadhaa akasema kwa adabu, akitazama kofia yake, "Mjomba, mvua hizi nikushikie gari?" Na mjomba alijibu lile lile: "Nikizikwa utanishikia."

Sasa mawingu yalikuwa yamerudi, na Taratibu aliingia ndani akiwa na habari.

"Kuna winchi za umeme," alisema, akivua viatu mlangoni. "Inafungwa mbele ya gari, inakula betri. Nabonyeza kitufe tu, mama. Kama kuwasha taa."

Mkewe hakuinua mguu kwenye cherehani. "Kitufe tu?"

"Kitufe tu. Hata jasho hakuna."

"Basi twende wote nikaione. Ikiwa kweli ni kitufe tu, mvua hizi hutanisikia nikisema neno. Lakini nikiona kuna kujivuta na kujikokota, gari linakwenda kwa mpwa wako, na wewe unabaki hapa unanishikia kitambaa."

"Nakubali."

"Usikubali kama mtu anayekubali chai. Sema tena."

"Nimekubali, mke wangu. Nimekubali mara mbili."

Alikubali upesi mno, na hilo nalo lilimchosha mkewe.

Muuza vyuma waliyemwendea aliitwa Sumaku, kwa maana chuma kikipita karibu na uwanja wake hakikutoka tena. Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya mahali pa kuoshea magari. Injini zilizopasuliwa zilipangwa ukutani, milango ya magari imeegemeana kama karata, na katikati alikaa Sumaku juu ya kiti kilichong'olewa kwenye basi, miwani yake imeshikwa sikioni kwa kipande cha waya.

"Taratibu! Nyumbani ulitoka jana nini?"

"Juzi. Jana nilisimama kumpisha konokono."

"Na leo umekuja na mkaguzi." Sumaku alisimama, akafuta mikono kwenye suruali. "Karibu, shemeji. Kaa kiti hiki, ni kisafi kuliko mimi."

"Asante, shemeji. Nimekaa mwaka mzima, acha nisimame."

Sumaku akamgeukia mteja wake. "Gari lako lina uzito gani?"

"Tani mbili na kitu."

"Likiwa tupu?"

"Likiwa tupu."

"Na huko milimani unapeleka hewa?" Sumaku alitikisa kichwa. "Nyie wote mnakuja hapa na uzito wa gari lililosimama uani limeoshwa. Gari lililozama ni mnyama mwingine. Chukua gari na mzigo wake, halafu ongeza nusu ya hapo kwa ajili ya matope. Chini ya hapo utaunguza mota, kisha utakuja kunitukana mbele ya watu."

Za nguvu hiyo alikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa ya waya wa chuma, bado imefungwa kwenye pua ya gari lililopata ajali, chini kabisa ya uwanja. Nyingine ilikuwa ya kamba ya nailoni, nyeupe, ndani ya sanduku lake. Taratibu alishuka moja kwa moja kwenye ile ya waya. Aliupitisha mkono juu ya ngoma iliyozungushiwa waya, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgongoni.

"Hii ndiyo winchi," alisema. "Ile nyingine ni kamba ya kuanikia nguo."

"Usiitukane. Ni nyepesi, na ikikatika inaanguka pale pale. Waya ukikatika unarudi kama mjeledi, na hauulizi huu mguu wa nani. Ila kamba na mawe haviivi chungu kimoja. Inasagwa."

"Nipe ya waya."

"Kitufe kiko wapi?" aliuliza mkewe.

Sumaku akaunganisha betri, akachomeka rimoti yenye mkia mrefu, akampa mwanamke. Alibonyeza. Mota ilinguruma, ngoma ikazunguka, na ndoano iliyokuwa imelala majanini ikaanza kutambaa kuelekea kwenye gari kama kitu kilichoitwa nyumbani. Aliachia kidole. Ikasimama.

Taratibu alimtazama kwa uso wa mtoto aliyefaulu. "Si nilikwambia?"

"Nimeona inavyorudi. Inakwendaje?"

"Inakwenda wapi?"

"Huko inakotoka. Ili ivute lazima iwe imeshikwa na kitu, na kitu hicho kiko mbele. Imefikaje?"

Sumaku alikuna kidevu. Alikuwa mfanyabiashara, lakini si mwongo. "Inapelekwa, shemeji. Umeme unavuta, hausukumi. Unalegeza hapa, unashika ndoano, unakwenda nayo mpaka kwenye mti au mwamba, unafunga, unarudi. Ndipo unabonyeza."

"Anayekwenda na ndoano ni nani?"

Kwa jirani, kwenye kuoshea magari, bomba la maji lilipiga ubavu wa gari la mtu.

"Bondeni hakuna mti," aliendelea mkewe, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mawe yako juu, baada ya matope. Ulinieleza mwenyewe."

"Ni hatua chache tu."

"Basi tembea, baba. Nikuone."

Maji ya kuoshea magari yalikuwa yamepenya chini ya ukuta na kuugeuza mteremko wa uwanja kuwa tope la kijivu. Kule juu ya mteremko kulikuwa na fremu ya lori iliyozikwa nusu. Taratibu akalegeza ngoma, akaitupia ndoano begani, akaanza kupanda.

Alikwenda vizuri mwanzoni. Waya ulimfuata ukilia kwenye chuma, na kila alipovuta hatua matope yalimshika kiatu, yakamwachia kwa shingo upande. Kadiri waya ulivyotoka ndivyo ulivyozidi kuwa mzito, kwa kuwa sasa aliukokota wote. Katikati alisimama. Aliinama, akaupindua waya mkononi kana kwamba ameona kasoro. Mkewe aliijua kasoro ile. Ndiyo ile ile aliyoiona kwenye ngazi za hospitali siku mumewe alipodai amesimama kusoma tangazo ukutani, na tangazo lilihusu unyonyeshaji.

Alifika. Alifunga ndoano kwenye fremu, akaketi juu ya fremu hiyo hiyo, akainua kidole gumba. Kifua chake kilikuwa kikisema kwa niaba yake, na walikiona kutoka chini.

Aliporudi, baada ya muda ambao Sumaku aliutumia wote kusafisha miwani, alisema, "Sasa ya kamba."

"Mzee, acha."

"Nimesema ya kamba. Huenda tatizo ni uzito."

Sumaku aliiweka chini, akaikanyaga kwa miguu yote miwili ili isisogee, na Taratibu akapanda tena na kamba nyeupe iliyoelea nyuma yake bila uzito wowote. Safari hii hakukuwa na chuma cha kulaumiwa. Alisimama hatua mbili tatu baada ya pale aliposimama mwanzo. Hakuinama kukagua chochote. Alisimama tu, mikono kiunoni, akiyatazama matope yaliyobaki kati yake na ile fremu, ambayo mtu mwingine angeyavuka akipiga mluzi. Kisha akaiachia ndoano ikaanguka, akashuka.

"Si waya," alimwambia mkewe alipopata pumzi. "Si kamba pia. Ni kutembea."

Mkewe alikuwa ameshinda. Mwaka mzima alikuwa akiisubiri siku hii, na alidhani itakuja na wepesi fulani, kama mtu anapotua mtungi. Haikuja na kitu. Alimwona mumewe ameketi juu ya tairi, suruali imelowa tope mpaka magotini, na neno likamjia mpaka mdomoni: Nitapanda gari na wewe. Mimi nitakwenda na ndoano. Magoti yake yalikuwa bado mazima, mikono ilizoea kuvuta vitambaa vizito. Angeweza. Lakini alijiona ndani ya gari lile, mvua inapiga kioo, akimsikiliza mtu huyu anavyopumua, kona baada ya kona; na akaelewa kwamba hana tena nguvu ya kuhofu kwa karibu. Ya kuhofia dirishani ilikuwa imekwisha pia. Alilimeza neno hilo.

"Ulikubali mara mbili," alisema badala yake.

"Najua nilichokubali."

Taratibu alitoa simu, akaipapasa kwa kidole chenye tope, akaipeleka sikioni. "Uko wapi? ... Zima kwanza hilo lori. Mvua hizi una nafasi?" Akasikiliza. "Siumwi. Mjomba wako haumwi, anazungumza na wewe, sasa tega sikio. Bondeni unapajua?"

Alizungumza naye kwa muda. Alimweleza upande wa kushikilia gari pakiteleza, jiwe lipi la kufungia ndoano na lipi linadanganya macho. Alipomaliza aliinuka, akarudi kwenye ile winchi ya waya, na kwa mara ya kwanza tangu afike akaikagua kwa dhati. Alivuta waya kipande kwa kipande akitafuta nyuzi zilizokatika. Alinusa mota ajue kama imewahi kuungua. Aliuliza betri iwe kubwa kiasi gani, glavu za ngozi zinapatikana wapi, bampa litahitaji kuimarishwa au la.

"Nilidhani utachukua ya kamba," alisema Sumaku.

"Kwa nini? Pale juu mawe yana meno. Kamba itasagika mvua moja tu. Mpwa wangu ana miguu, aukokote waya."

"Na ukikatika?" aliuliza mkewe.

"Kuna kitu kinatupwa juu yake wakati wa kuvuta, blanketi au koti, ukikatika usiruke."

"Nitamshonea. Nina mabaki ya kitambaa cha pazia la ukumbi."

"Kiwe kizito."

"Nimeshona nikiitazama barabara ile miaka yote, nitashindwa na hicho?"

Waliafikiana gari libaki pale lifungwe winchi. Taratibu akalileta ndani ya uwanja, akalisimamisha pua ikitazama ukuta, akashuka, akaanza kutoa vitu vyake: tochi, kitambaa cha kufutia kioo, sandali za kuendeshea.

"Huyo mpwa wako ni mrefu?" Sumaku alikuwa ameinamia kiti cha dereva. "Hapa magoti yatagonga usukani."

"Mrefu. Kisogeze nyuma."

Sumaku alivuta kishikio. Kiti hakikujali. Hakikuwahi kusogezwa tangu gari liwe la Taratibu, na reli zake zilikuwa zimeshikana kwa kutu na vumbi la saruji. Walimimina mafuta, wakasubiri. Sumaku akasukuma kwa bega, hakikutoka. Taratibu akapiga hatua kusaidia, na mkewe akamshika mkono wa shati, bila nguvu, akaweka kibegi chake chini, akaingia yeye upande wa pili. Walisukuma pamoja, yeye na Sumaku, akihesabu Sumaku. Mara ya tatu kiti kililia kwa sauti ya kuudhi na kuteleza mpaka mwisho.

Taratibu akapanda, akakaa. Akaunyosha mguu wa kushoto kutafuta klachi. Mguu uliishia hewani, kabla ya kufika.

"Patamtosha," alisema, na akaendelea kukaa.