Abiria wa Viatu Safi

Dada yangu aliolewa Mombasa, na kila akipiga simu hunihesabia njia za kusafiri za huko utadhani ni mali yake: feri ya Likoni, tuktuk, treni ya kwenda Nairobi, mabasi ya usiku. Mimi humwambia feri siiamini, kwa sababu chombo kinachovusha watu bure lazima kina siri yake. Hucheka. Anajua hata bodaboda ya jirani yangu hapa Section 58, Nakuru, siipandi kabla sijakagua breki.

Nauza viatu vya mitumba, na kazi hiyo imenizoesha kumsoma mtu kuanzia chini. Lakini kilichonifunza kushuku ni magari ya kutoka kwetu Olenguruone. Pale stage, probox, gari dogo la abiria, haiondoki mpaka ijae, na hakuna mtu anayetaka kuingia kwenye gari tupu. Basi makanga, yule anayeita abiria, huweka watu wake wakalie viti. Unaona wanne ndani, unafurahi, unaingia. Ukishalipa, mmoja anakumbuka kununua maziwa, mwingine anaitwa na simu, na mwishowe unabaki peke yako kama mlinzi wa gari. Nimefanyiwa hivyo mara tatu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi niliapa sitaumwa mara ya nne.

Siku ninayoisimulia nilikuwa nimelala kwetu ili nimpeleke Mama Nakuru. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshazima kabisa, na la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho. Madaktari wageni walikuwa wamekuja kupasua macho kwa siku hiyo moja tu. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, ila tulionywa: atakayekuwa hajafika saa nne, nafasi yake anapewa mwingine. Mama alikuwa amengoja karibu mwaka mzima. Ng'ombe alikuwa akimkamua kwa kupapasa.

Tulifika stage saa kumi na mbili na nusu, ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Probox ilikuwa na watu watano na nafasi mbili.

"Madam, imebaki mbili tu," makanga akasema, akimwonyesha Mama kiti. "Shosho akae hapa kwa dirisha, tunatoka sasa hivi."

Hiyo "sasa hivi" naijua. Nikainama nikachungulia. Wanaume wawili walikuwa na matope mpaka magotini, hao niliwapitisha. Wasichana wawili walikuwa na mabegi ya shule. Lakini karibu na mlango aliketi mwanamke wa makamo, hana mfuko, hana kikapu, macho ameyatuliza mbele. Mlango ulipofunguliwa hakugeuka hata kidogo, kama mtu aliyechoka kuona wasafiri. Na viatu vyake vyeusi vilikuwa vinang'aa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nani anatoka nyumbani kwake Olenguruone akafika stage na viatu safi?

Mama, kwa desturi yake, alikuwa ameshaingiza mkono dirishani akiwasalimia wote mmoja mmoja. "Tunaenda Nakuru kwa daktari wa macho," akamwambia yule mwanamke, bila kuulizwa. Mwanamke akaushika mkono wa Mama kwa mikono miwili. Alikuwa anafungua kinywa kujibu nilipomvuta Mama nyuma.

"Huyu si abiria," nikasema kwa sauti, stage nzima isikie. "Angalieni viatu vyake. Ashuke kwanza, ndio tuingie."

Mwanamke aliinamisha kichwa. Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

"Mkono wake una baridi kama wangu," Mama akaniambia. "Huyo mtu ametoka mbali."

Sikumsikiliza. Watu wawili wakaja na mitungi ya maziwa, wakachukua nafasi zetu, na gari likaondoka dakika ileile.

Nililichagua gari lililofuata kwa makini. Mbele alikaa mzee aliyepakata jogoo, na nyuma kijana aliyeegemea gunia lililojaa. Mtu mwenye jogoo hadanganyi, nikajiambia. Tukaingia. Saa moja na nusu mzee akashuka kumtafutia jogoo maji na hakurudi. Kijana akaenda kuweka chaji kwenye simu. Nilipoligusa gunia lake lilikuwa jepesi. Ndani mlikuwa na maganda ya mahindi matupu. Nilitukana maneno ambayo sikuwahi kuyatamka mbele ya Mama. Yeye alikuwa ameketi tu, mikono mapajani, akiniuliza saa ngapi.

Tuliokolewa na canter, lori dogo la kabichi lililokuwa linaenda sokoni Nakuru. Dereva naye nilimshuku, kwa sababu alikubali haraka mno kutubeba. Nikapiga picha namba ya gari nikamtumia dada yangu. Akajibu: "Mnaenda kwa daktari au mnaenda kuuzwa?" Keringet, Molo, Elburgon, Njoro, tukapita kote huko sijafumba macho. Kumbe dereva hakuwa na neno. Alitufikisha hadi kwenye geti la hospitali na akamshusha Mama kwa kumshika mkono.

Ilikuwa saa nne na nusu. Nikataja jina la Mama pale mezani. Nesi akainua macho.

"Ni nyinyi wa Olenguruone? Kuna mama hapa amekataa nafasi yenu ipewe mwingine. Amesema mko njiani, shosho alimwambia mwenyewe kule stage. Tumemwita mara mbili akasema hataingia kabla yenu."

Mama akachukuliwa saa ileile. Mimi nikaonyeshwa benchi. Yule mwanamke alikuwa ameketi mwishoni, macho ameyatuliza mbele vilevile, na hakugeuka nilipokaa. Sasa nilielewa kwa nini. Nilitaka sakafu inimeze.

"Mama ameingia," nikasema. "Asante."

Akaelekeza sikio kwangu. "Hiyo sauti naijua. Ni wewe wa stage."

Ningeweza kukana, hakuwa na uwezo wa kuniona. "Ni mimi," nikasema. "Unisamehe."

"Kijana wangu ndiye aliniletea hivi viatu kwa mfuko," akasema taratibu. "Alinitoa gumboots, akanivalisha nikiwa kwa gari, ndio nisiingie kwa daktari na matope. Halafu akarudi na mfuko nyumbani." Akanyoosha miguu mbele kidogo. "Niangalilie. Bado ni safi?"

Cha kulia kilikuwa safi. Cha kushoto kilikuwa kimekanyagwa, labda na wale wa mitungi ya maziwa waliokaa mahali petu. Nikapiga magoti, nikavua leso yangu ya kichwani, nikakipangusa mpaka kikang'aa.

"Ni safi," nikamwambia.