Roshani ya Kwaya Iliyojengwa kwa Mchanga wa Sadaka

Aliyetuandikia ni mfuasi wa ukurasa huu. Jina lake tunabaki nalo sisi. Msomeni mpaka mwisho, kisha mjibuni kwa adabu.

Admin, nifiche tafadhali, maana mama yangu ana wajukuu wanaomsomea simu.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na nne, injinia wa majengo, nina mke na watoto watatu. Tunaishi Jinja, huku Kimaka, lakini kwetu ni Mbale. Sina makuu. Nikilipwa, kwanza natoa fungu la kanisa, halafu karo ya watoto wangu na ya watoto wa marehemu kaka yangu, kinachobaki ndicho tunachokula. Mke wangu hunitania kwamba siku moja nitamtoa na yeye sadaka.

Kanisa alilonilelea mama liko Malukhu, huko huko Mbale. Waumini waliponiomba niwajengee roshani ya kwaya, ile sehemu ya juu kule nyuma, nilifurahi mpaka nikalia. Nilichora bure, nikanunua nondo, simenti na lori zima la mchanga safi. Kila Jumamosi nilikuwa njiani kwenda kusimamia kazi.

Mambo yaliharibika, na walioyaharibu walikuwa na nia njema, ndiyo maana inauma. Mchungaji wetu, mzee aliyestaafu kazi ya askari magereza, aliwatangazia watu kwamba kanisa haliwezi kuwa la mtu mmoja, kwa hiyo kila nyumba ilete karai la mchanga wake. Wajane, watoto, wazee, wote wakachota mtoni na mashambani, mchanga umejaa udongo. Wakamwaga zege katikati ya wiki, mimi niko kazini Jinja, huku wanaimba na kuongeza maji ili lichanganyike upesi. Mama ndiye aliyeongoza nyimbo. Mchanga wangu mpaka leo uko pale uani, mbuzi wanaupanda.

Nilipokuja kufika, zege lilikuwa limekauka na miti ya kulishikilia imeshaondolewa. Nikaligonga kwa nyundo, likamomonyoka kama mkate mkavu. Kwa chini nyufa zimetoka ukuta mmoja hadi mwingine. Nikawaambia ibomolewe, tumwage upya, gharama zote juu yangu.

"Wewe kila kitu ni wewe," mchungaji akanijibu. "Hii watu walitoa na roho yao. Sasa mimi naambia wao sadaka yao ni takataka?"

"Afande, hii itaua watu."

Akafikiri kidogo, halafu akasema neno lililoniondolea amani kabisa: "Basi tunapandisha watoto peke yake. Wao ni wepesi."

Watoto! Uzinduzi ni Jumapili hii, na sare za kwaya ya watoto zimeshashonwa.

Tangu hapo situlii. Ofisini nasimama, nakaa, nasimama tena. Kila ukuta ninaoupita naugonga kwa vidole. Juzi nimegonga meza ya chakula mpaka binti yangu akauliza kama nayo inaanguka. Mke wangu amechoka nami: "Baba watoto, peleka ripoti kwa wakaguzi wa jiji. Walifunge hilo kanisa, watu wakuchukie, maisha yaendelee."

Najua anasema kweli. Lakini mama aliposikia neno wakaguzi alinipigia simu kwa hasira. "Ukileta serikali kufunga nyumba ya Mungu, siku nikifa usishike jeneza langu." Kwetu mzazi hatamki hivyo kwa mchezo. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee aliyebaki. Nani atamzika?

Jana nimempigia mimi kumbembeleza. Nilidhani atafoka. Alinijibu kwa upole, na upole ule ndio umenimaliza.

"Mwanangu, wewe unaogopa kwa sababu umesoma sana. Jumapili mimi na wajane wenzangu tutakaa chini ya hiyo roshani, katikati kabisa. Ukitaka, kuja uone."

Ndugu zangu, msinijibu kwa matusi wala kwa maombi tu. Nikiripoti, nampoteza mama angali hai. Nikinyamaza, nitampoteza pamoja na watoto wa watu. Nishaurini, nifanye nini? Nijibuni leo, kwa sababu kiti chake ameshakipeleka.