Chumba cha Mzee Umande

Ile fyuu haisikiki tena. Asubuhi ilikuwa ikitoka chumba cha nyuma cha duka la tumbaku, kikafuata kimya kifupi, halafu fyuu nyingine. Siku hizi binti wa mwenye duka akifungua mlango wa mbele hujikuta amesimama kizingitini, kama mtu aliyetoa salamu na hajaitikiwa.

Ilikuwa sauti ya maji. Tumbaku ya kiko ikikaa sana koponi hukauka ikawa chengachenga, na moshi wake huunguza ulimi. Baba yake aliitandaza kwenye sinia, akajaza maji mdomoni, akayapuliza kwa midomo iliyobanwa mpaka yakashuka laini kuliko manyunyu. Binti alimnunulia chupa ya kupulizia, akaipa kisogo.

"Chupa inatema," alisema. "Mimi napumua."

Kisha alifunika sinia kwa kitambaa chenye unyevu, akangoja. Akiibana tumbaku kwa vidole ikalia, bado ni kavu. Ikishikamana, maji yamezidi, itaota kuvu. Aliitaka ile inayoachia taratibu. Wateja walimwita Mzee Umande, na jina alilozaliwa nalo likasahaulika.

Dirisha la chumba kile halikufunguliwa, maana upepo ungekausha kazi yote. Na humo ndimo walimokaa rafiki zake jioni, seremala na wenzake wawili, wakivuta na kutaniana hadi kwa moshi huoni ukuta wa pili.

Kikohozi kilipoanza alisema ni vumbi la tumbaku. Akakonda, suruali ikawa inashikiliwa na kamba. Binti alimkokota hadi kliniki, makohozi yakapimwa. Ni kifua kikuu, muuguzi aliwaambia. Dawa zipo na zinaponya, ila kwa sasa asikae na watu kwenye chumba kilichofungwa, na wanaokaa naye waje wapimwe.

Njiani mzee alisimama.

"Mwanangu, haya tuyaache hapa hapa. Nani atavuta tumbaku niliyoipuliza kwa mdomo wangu?"

Binti akaitunza siri hiyo. Alichoweza ni kufungua dirisha. Yeye anafungua, baba anafunga.

"Ukiliacha hivyo, kesho nitauza kuni."

"Bora kuni, baba."

"Wewe hujui duka."

Siku zikapita hivyo, marafiki wakija, na binti akiwaletea chai.

Jioni moja seremala alibana tumbaku, akaisogeza sikioni. "Umande, hii leo inalia kama msumeno. Umeishiwa mate?"

Wakacheka. Mzee naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikamkunja. Seremala akamwinamia kumpiga mgongo, uso kwa uso, mdomo wake wazi, bado anacheka.

Binti aliweka sinia la chai sakafuni, akaenda akalisukuma dirisha.

"Funga," baba alisema kwa shida.

"Sifungi." Akamgeukia seremala. "Mjomba, baba ana kifua kikuu. Kesho nendeni kliniki nyote mkapimwe."

Wale wawili walichukua kofia zao wakatoka, bila hata kuaga. Seremala alikiangalia kiko chake, kilichokuwa bado kinafuka, akakiweka mezani kama kitu cha mtu mwingine.

"Umejua tangu lini?" alimuuliza mzee.

Mzee aliangalia tumbaku yake. Binti ndiye aliyejibu, kwamba ni tangu kabla mvua hazijaanza.

"Nawe ukawa unatuletea chai," seremala alimwambia.

Alipoondoka, mzee hakupandisha sauti. "Umenivua nguo mbele za watu."

Wale wawili walipimwa wakakutwa salama. Seremala alikutwa na ugonjwa. Yupo kwenye dawa na anaendelea kuranda mbao, ila akikutana na binti njiani huitikia salamu huku anatazama pembeni, na binti hamlaumu. Alipaswa kusema siku ile ile waliyotoka kliniki. Hilo analala nalo na kuamka nalo.

Mzee aligoma kula, kisha akagoma dawa, akajifungia na makopo yake mpaka nguvu za kugoma zikamwishia, akabebwa. Sasa anameza vidonge mbele ya muuguzi. Binti akileta chakula anakipokea, anakula, hasemi neno. Yuko ghorofa ya pili ya hospitali, wodi ya kifua, kitanda cha katikati, na madirisha ya pande zote hayafungwi.