Kahawa ya Baridi na Kanzu ya Mzee Salumu

Kahawa ilipanda mpaka kwenye bati, jamani, na mimi nilisimama pale na kizibo mkononi nikiitazama inavyopanda, sikuwa hata na akili ya kukimbia, maana tangu nizaliwe sijaona kinywaji kinachokwenda juu, vyote ninavyovijua huenda chini, halafu ikafika bati ikarudi, na iliporudi ikamwagikia yote kwenye kanzu ya mzee Salumu, kanzu nyeupe ile ya Ijumaa, na kofia yake, na ndevu zake, na mzee Salumu ndiye baba wa kijana aliyekuwa anamposa binti yangu. Ndipo harufu ikaja. (Mtu wa Kasulu hahitaji kuambiwa ilikuwa harufu ya nini.)

Aibu ile ninayo mpaka leo, nalala nayo naamka nayo. Na mimi si mtu wa kuaibika ovyo. Nilivuka mto nikiwa msichana tunakimbia vita, kipindupindu cha kambini kiliniacha, radi ilipiga jiko langu nikiwa nje nachuma mboga. Yote hayo yalinikosa. Ya chupa ndiyo yaliyonipata.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka elfu mbili na kumi na tatu, Septemba ile ambayo vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Binti yangu Devota alikuwa anaposwa na Hamisi, kijana wa duka la vitenge pale mjini, na baba yake alikuwa aje mwenyewe na dada wa huyo mzee, Bi Zuhura wa Ujiji, kutuona sisi ni watu gani kabla ya kutamka neno lolote la ndoa. Sisi ni Wakristo, tena wakimbizi tuliotoka ng'ambo ya mto, wao ni Waislamu wa mjini, kwa hiyo mnaelewa, macho yote yalikuwa kwangu. Marehemu mume wangu hayupo, mwenye kusema kwa niaba ya nyumba alikuwa shemeji yangu Elia, na huyo nitamfikia.

Basi Devota akaniambia, "Mama, Hamisi anasema mzee anapenda sana kahawa, ila kwa jua hili kahawa ya moto inamtoa jasho. Aliwahi kunywa ya baridi Dar, imetiwa matunda, mpaka leo anaisimulia."

Ningesema hapana ingeishia hapo. Nikasema, "Nitamtengenezea."

Kahawa tunalima wenyewe, lakini kunywa tunakunywa chai (msicheke, ndivyo tulivyo, ya kwetu inapanda gari inakwenda). Nikakaanga yangu kwenye chungu, nikatwanga, nikachemsha ikawa nzito kama lami, nikaiacha ipoe. Nikakamua pasheni, nikaponda nanasi. Sukari nikaona ni mambo ya kila mtu, mimi nikataka utamu wa kwetu, mutobe, yaani yale maji ya ndizi mbivu yanayokamuliwa kwa majani, matamu mpaka mtoto mchanga hulambishwa. Mutobe si pombe. Mutobe unakuwa pombe pale mtu anapotia unga wa mtama uliokaangwa akaufunika ulale. Bila mtama ni maji ya watoto tu.

Na anayejua kukamua mutobe kuliko wote ni jirani yangu Bukuru, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo pombe. Namtaja kwa jina, sina la kuficha. Huyu alikuwa anamtaka Devota aolewe na kaka yake, nikakataa, naye akasema yamekwisha. Nikamfuata. Akacheka.

"Kahawa na nanasi? Mama Devota, hao Waswahili watakuja kuposa au kuharisha?"

"Wewe nipe mutobe, maneno baki nayo."

Akanipa kwenye dumu lake la njano. Nikamuuliza, "Dumu umeosha?"

"Limeoshwa mpaka limenisalimia."

Nikabeba. Nikachuja kwa kitambaa safi, nikachanganya, nikamtuma Devota barafu dukani kwa Nestori nionje kidogo kabla. Sasa sisi kwetu barafu ni urubura, ile mvua ya mawe inayoshuka ikaua maua ya kahawa ukalia mwaka mzima. Sikujua mtu anaweza kuifuga ndani ya sanduku, ikatii. Nikaitia kwenye kikombe, ikalia kii, nikanywa.

Nilikaa chini. Nawaambia ukweli, nilikaa chini kwenye udongo. Uchungu wa kahawa ulitangulia, halafu pasheni, halafu ndizi ikaja nyuma taratibu kama mtu mwenye adabu, na baridi ikapita kifuani mpaka nikasikia kwa mara ya kwanza kifua changu kina umbo gani. Miaka yote ile nakata matawi, nachuma, nabeba magunia kichwani, kumbe kitu chenyewe kilikuwa hivi na hakuna aliyenambia! Devota akaniuliza, "Mama, unalia?" Nikamwambia ni moshi. Moto ulikuwa umeshazimika zamani.

Nikajaza chupa kubwa mbili za soda, nikakaza vizibo, nikampelekea Nestori anilazie kwenye friza lake. Alipofungua mfuniko ukatoka moshi wa baridi, nikarudi nyuma hatua. Nestori akasema, "Mama, kesho utazikuta mawe." Muongo. Usiku friza alilizima kubana umeme, akaliwasha asubuhi, asiniambie, kwa hiyo chupa zangu zililala kwenye joto zimefungwa midomo. Nestori naye namtaja.

Siku ya pili mchana nikazifuata. Zilikuwa na ubaridi wa nje tu, na zimevimba, ukizigusa ngumu kama tumbo la ndama aliyeshiba. Nikadhani ndivyo baridi inavyofanya. (Ningejuaje? Darasa langu ni la tatu, na la tatu lenyewe sikulimaliza.) Nikazitia kwapani, moja huku moja huku, nikakimbilia nyumbani, na nafika uani wageni wameshafika, wamekaa.

Hapa ndipo mtu asiye wa huku hataelewa. Kwetu mbele ya mgeni hupiti na chupa ukamwambia hujambo ukaingia jikoni. Unapiga magoti, unapiga makofi, unauliza wameamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe, shamba, njia, na kila jibu lina makofi yake. Mzee Salumu kazaliwa Kasulu hapa hapa, Kiha anakisema kuliko mimi, akaitikia yote, hakuruka hata moja, na alipomaliza nikaanza upya kwa Bi Zuhura ambaye Kiha hakijui, hajui anaitikia nini. Na mimi chini, chupa kwapani, makofi pa, pa, pa, na jua linanipiga mgongoni. Heshima yote niliyompa mzee yule niliitikisia ndani ya zile chupa.

Tukaingia ndani. Nikasimama mbele yake, nikasema, "Baba, nimesikia unaipenda ya baridi." Nikageuza kizibo.

Yaliyofuata mmeshayasikia.

Bi Zuhura ndiye wa kwanza kupata sauti. "Astaghafirullah! Hii ni nini, wewe mwanamke?"

Nikasema, "Ni mutobe tu, bibi. Kahawa na mutobe."

"Mutobe ndiyo pombe yenu ya ndizi!"

"Siyo, bibi, mutobe ni ya watoto..."

Na pale pale shemeji yangu Elia, msemaji wa nyumba, akachovya kidole kwenye meza, akalamba, uso ukamng'aa kama kaona ndugu aliyepotea, akasema kwa furaha, "Shemeji, hii imeiva kabisa!"

Devota akatoka nje mbio kajifunika uso kwa khanga.

Mzee Salumu hakusimama. Tone lilikuwa linateremka kwenye sharubu, na sijui kama alikusudia, sidhani, ulimi wake ulitoka kidogo ukalipokea. Sote tulitazama ule ulimi. Akafumba macho. Akakaa hivyo, na mimi nikajua kinachopita kifuani mwake, maana jana yake kilipita kwangu. Akafumbua macho.

"Tamu," akasema. "Wallahi ni tamu. Lakini ni pombe."

Akatema pembeni, akaomba maji, akasukutua, akajipangusa. Nilitegemea matusi, ningeyapokea. Hakutukana. Akanitazama akasema, "Mama, naona uso wako, wewe hukujua. Sina ugomvi na wewe. Lakini hapa kuna mtu aliyenilisha haramu kwa mkono wako. Huyo aje mbele yangu aseme kwa mdomo wake. Siku hiyo nitarudi, tutaongea ya watoto, na utanipa tena hiyo, safi." Akaondoka na kanzu yake ya rangi ya udongo, ameinua kichwa kama imefuliwa.

Jioni nikalimwaga lile dumu. Chini, limeganda, unga mwekundu wa mtama uliokaangwa. Si mabaki ya zamani, unga mpya, bado unanukia moto.

Nikamwendea Bukuru. Akasema labda uliingia wenyewe. Mwezi ule ule akahamia Mabamba, anawauzia pombe wanaovuka mpaka.

Somo langu ni dogo: sipigi tena makofi na chupa kwapani, na nikikuta kitu kimevimba nakiuliza kwanza. Lakini hiki ni kiangazi cha pili, Devota yupo hapa ndani anashona nguo za harusi za wenzake, Hamisi hajaoa, anapita na pikipiki anasalimia kwa mbali, na mzee Salumu neno lake ni moja, halipungui.

Basi Bukuru, wanaovuka wakufikishie haya. Mtama hauna miguu. Haukutembea ukapanda dumu ukafungua kizibo ukaingia. Njoo Kasulu, usimame mbele ya mzee, useme nani aliutia. Sitakupiga, sitakutukana, kikombe chako pia kitakuwepo. Nani aliutia, Bukuru? Jibu.