Mbwa Asiyeanza kwa Kubweka

Mwenye nyumba wangu hapa Gisenyi ni fundi cherehani, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walikuja mjini kuuza nguo na hawakuondoka tena. Uwanja wake uko kati ya barabara ya juu na njia ya ziwani, una mlango huku na mlango kule, basi watu waliufanya njia ya mkato. Walipita wenye ndoo za sambaza, wale dagaa wa ziwani, wenye mikungu ya ndizi, hata maharusi waliokuwa wakienda kupiga picha ufukweni. Siku bwana harusi mmoja alipokanyaga kitambaa ambacho mama alikuwa amekitandaza chini akikikata, mama aliniita.

"We Mutanzania ndiye unajua kuandika," aliniambia. "Bon, andika kwenye ubao: hapa iko mbwa."

Ananiita hivyo kwa sababu nilizaliwa na kukulia Tanzania kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda. Mimi huandika hadithi, na kwake hadithi na vibao ni kazi moja. Nilimkumbusha kwamba hana mbwa, wala hawezi kumfuga, maana mbwa wa mtu akipita tu karibu na mkeka wake wa kuswalia anaufua. Alijibu kwamba hakuniomba mbwa, ameniomba maandishi.

Kibao cha kwanza nilikiandika hivi: "Ndugu mpita njia, unaombwa kwa heshima utumie njia nyingine, kwani hapa pana mbwa." Niliipenda sana ile "kwani". Kesho yake watu walipita kama kawaida, ila sasa walipiga hodi. Mmoja alivua viatu. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimetumia maneno ya kadi ya harusi, na mtu akisemeshwa kwa lugha ya mwaliko, anakuja.

Mama akataka niandike "Mbwa mkali", tumalize. Nilimweleza kwamba maneno hayo yamechakaa, yako kwenye mageti ya mji mzima, na macho yamezoea kuyaruka. Nikakaa kibarazani na brashi mkononi, nikijiuliza huyu ni mbwa wa namna gani hasa. Kama mimi mwenyewe simjui, nani atamwogopa? Mwishowe nikaandika sentensi moja tu: "Mbwa wa hapa haanzi kwa kubweka."

Neno "mkali" sikulitia, wala sikuchora meno. Mama aliisoma, kisha akageuka kutazama nyuma yake.

Njia ilifungwa siku ileile. Wanawake wa Busasamana waliozoea kukatiza na mizigo yao ya kabichi walisoma, wakashauriana kwa Kinyarwanda, wakazunguka. Tulifurahi. Lakini haikupita muda, jirani akaniambia amemwona mbwa wetu akimtazama kupitia ua. Nilimuuliza ana rangi gani, akasema ya kahawia, sikio moja limelala. Kisha akaja dereva wa pikipiki na suruali iliyochanika gotini, akidai imechanwa na mbwa wa hapa. Mama aliishona bila malipo. Nilipomuuliza sababu, alisema akikataa kwamba mtu ameumwa, itabidi akatae na mbwa.

Wazee wawili wa msikitini nao walikuja, kwa upole sana, kuulizia habari za mnyama huyo. Mama aliwaapia kwamba hakuna mbwa, akawafungulia jiko na stoo, akawaonyesha hata chini ya meza ya cherehani.

"Tunaelewa, dada yetu," mzee mmoja alisema. "Yeye si wa kubweka."

Walivuka uwanja mtupu huku wameinua kanzu zao, wakitembea kinyumenyume hadi mlangoni.

Baada ya hapo wateja walikoma kuingia. Vitambaa vilirushwa juu ya ua, na mama alisimama nyuma yake akiuliza vipimo kwa sauti. Wanawake wa watu walitaja ukubwa wa viuno vyao barabarani, mbele ya wauza muda wa maongezi. Siku mke wa askari alipotajiwa kipimo chake na muuza karanga aliyekuwa amekishika kichwani tangu mara ya kwanza, mama aliniita tena.

"Uiue ile mbwa," alisema.

Nilidhani ni kazi rahisi. Niliandika "Hakuna mbwa hapa", na hata muuza karanga akahama. Nani anayeweka kibao kutangaza kitu ambacho hakipo? Nikaona kwamba mbwa aliyekwisha kuingia vichwani mwa watu hafutiki kwa kukanushwa. Labda abadilishwe tabia. Nilirudi kibarazani, nikakwangua ubao, nikaandika: "Mbwa wa hapa anaogopa kuku."

Mtu wa kwanza kuisoma alicheka peke yake. Kufikia mchana walikuwa wanaingia wateja, wapita njia, na mtu mmoja kutoka Bugeshi aliyebeba jogoo wake kwapani, akiomba mbwa aonyeshwe huyo jogoo kidogo tu, kwa mbali. Mama alimwambia mbwa amelala. Yule bwana alinong'ona samahani, akatoka kwa vidole vya miguu, akimziba jogoo mdomo.

Njia ya mkato imerudi kama zamani, na mama halalamiki tena. Wiki hii mwanamke mmoja wa Nyamyumba, auzaye samaki, alituachia sahani ya sambaza mbichi kwa ajili ya yule maskini wa Mungu. Mama alizikaanga kwa pilipili, tukala wawili. Kesho yake mwanamke alipopita aliuliza kama mbwa alikula. Nilikuwa kibarazani, nikamtazama mama. Hakuinua hata uso kutoka kwenye cherehani.

"Alikula," alisema, "lakini pilipili hapana. Alizitoa moja moja, akaziweka pembeni."