Kikombe cha Noko

Mvua ikinyesha mtaani Nyakasanza, watu hawaulizi kama Mama Domitille yuko nyumbani. Wanafuata harufu tu. Tangawizi iliyopondwa, mdalasini, karafuu, ganda la limau na asali ya kutoka Marabo, vyote vinachemka pamoja juu ya mbabula, lile jiko la makaa, mpaka jikoni kote kunukie. Halafu ramu. Na hapo, tafadhali, usimsogelee! Ramu haingii motoni. Sufuria inashushwa kwanza, inapumua kidogo, ndipo ramu inamiminwa na kifuniko kinabanwa papo hapo. Ukiichemsha umeiua, umebaki na chai ya mgonjwa. Amelisema hilo kwa kila jirani aliyekuja kufundishwa, na kila jirani amerudi kwake akaichemsha.

Mama huyu ni mshonaji, mjane wa marehemu Anaclet, na ana kiburi. Tuseme ukweli, maana bila kiburi hicho tusingekuwa na la kusimulia. Hakuuza kinywaji chake. Alikitoa bure, akangoja sifa. Mtu akinywa, akafumba macho na kusema "Aah, Mama Domi!", basi siku yake ilikuwa imeshiba.

Mtu mmoja tu hakutiliwa ramu: Ambroise, mdogo wake. Ambroise alirudi kutoka karieri, kule machimbo ya dhahabu, pombe ikiwa imemmaliza. Mke wake, Faida, ndiye aliyemwosha, aliyemfungia mlango, aliyemvumilia akitetemeka na kutukana, mpaka akaacha. Akaacha kabisa, nasema! Hata bia ya matangani alikuwa anaipitisha kwa mwenzake. Jioni alipita kwa dada yake, akawekewa kijisufuria chake pembeni, tangawizi na asali, basi. Domitille alijua hatari ya ndugu yake kuliko watu wote, isipokuwa Faida.

Ikaja siku ya wakwe. Kijana aliyemtaka Plamedie, binti ya Domitille, alileta ukoo wake kujitambulisha. Walitoka Mahagi-Port, barabara matope matupu, mvua imewapiga njiani, wakashuka meno yakigongana. Domitille alifurahi. Ndiyo, alifurahi! Baridi ile ilikuwa kama imeitwa kwa ajili yake. Akatia ramu kuliko siku zote.

Sasa, kwa desturi ya watu hawa, kinywaji hakimfikii mgeni kabla mtu wa nyumba hajakionja mbele ya macho ya wote. Ndiyo namna ya kusema humu hamna sumu, kunyweni kwa amani. Na siku ya kuposa, anayeonja si mama wa binti. Ni noko, kaka au mdogo wa mama yake. Plamedie alikuwa na noko mmoja tu, Ambroise, aliyekaa pale katika shati jeupe lililopigwa pasi na Faida. Faida mwenyewe alibaki nyumbani na mtoto mgonjwa.

Jikoni kulikuwa na sufuria mbili. Domitille aliziangalia zote mbili, mtu asikudanganye kwamba alisahau. Alisimama pale akawaza: nikiwapelekea hii isiyo na ramu, watasema nini huko kwao? Kwamba kwa Domitille wakwe wanakaribishwa na chai? Na Ambroise si mtoto. Atagusisha midomo tu. Tone moja litamfanya nini? Akabeba ile kubwa.

Ambroise alipokea kikombe. Mvuke ulipomfika puani, akajua. Aliinua macho akamwangalia dada yake, na Domitille akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Wakwe walikuwa wakingoja. Kukataa mbele yao kungekuwa sawa na kusema dada yangu ametia kitu humu. Kujifanya anakunywa wangeona. Jicho la mkwe si la mchezo. Basi akanywa, wote wakaona koo likipanda na kushuka.

"Iko muzuri," alisema. "Karibuni, wakwe zetu. Kunyweni."

Nao walikunywa! Mzee mmoja aliomba cha pili, akaomba na cha tatu, akasema nyumba yenye kinywaji cha namna hii haiwezi kuzaa binti mubaya. Posa ilikubaliwa kwa vicheko. Domitille alisifiwa mpaka masikio yakamwaka, lakini sifa hazikumshuka kooni, kwa sababu kiti cha Ambroise kilikuwa kitupu. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, na termosi ya jikoni, iliyotiwa kinywaji kilichobaki, ilikuwa imeondoka naye.

Tangu siku hiyo alikunywa bila kituo. Domitille aliyasikia sokoni: ameanguka kwenye mtaro, amelala nje ya baa. Domitille mwenyewe chakula kilimshinda. Alishona blauzi ya watu, mkono wa kushoto akauweka kulia. Kesho nitakwenda kwa Faida, alijiambia, na kesho ikifika, lo, kuna suruali ya mtu ya haraka. Aliona haya mpaka ya kuwasha mbabula.

Ni Faida aliyekuja, asubuhi, furushi kichwani. Akalitua mlangoni.

"Yaya, dada yangu, kamata nguo za ndugu yako. Mimi nimechoka."

"Faida, keti kwanza."

"Siketi. Weye ulimuwekea kijisufuria chake, hilo najua. Sasa namuuliza kila siku: nani alikupa? Wakwe walikulazimisha? Anasema hapana, ni tamaa yangu tu. Tamaa! Kisha mateso yote yale! Mutu mwenye anarudilia kwa tamaa, mimi siwezi kumuuguza tena. Akae kwako."

Njia ya kuponea ilikuwa wazi kabisa. Angelia kidogo pamoja na Faida, angepokea furushi, naye Ambroise angeendelea kumbebea aibu yake. Domitille hakuligusa furushi.

"Si tamaa. Ni mimi. Nilimpa kikombe cha ramu mbele ya wakwe, aonje kama noko. Hangeweza kukataa bila kuniaibisha."

"Ulisahau?"

"Hapana. Ile ingine, yenye haina ramu, ilikuwa pale pale. Niliiacha. Nilitaka wanisifu."

Faida hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliinama, akalikamata furushi, akalirudisha kichwani.

"Basi anabaki kwangu," alisema. "Tutaanza tena toka mwanzo. Lakini hapa kwako, yaya, hatakanyaga tena. Hata siku ya ndoa ya Plamedie. Mutatafuta noko mwingine."

"Plamedie hana noko mwingine."

"Najua," Faida alisema, akaondoka.